Ukipigiwa simu kwamba mtu amechanganyikiwa

Ligula, Mtwara

Rafiki yangu Somoe,

Hamjambo hapo Tandahimba? Wasalimie mama na watoto.

Umeniuliza wewe kama mtendaji wa kijiji ufanye nini ukiamshwa usiku kwamba fulani amechanganyikiwa, anafanya fujo. Kabla hujamtuma mgambo, uliza: imeanza lini? Ana homa? Ana kisukari au kifafa? Ameacha pombe ghafla? Ameshika panga? Mtu aliyebadilika ndani ya saa chache mhesabu ni mgonjwa wa mwili mpaka apimwe. Malaria kali na sukari iliyoshuka hufanana sana na wazimu, na zote huua. Zahanati wapime vyote viwili. Sukari ikisoma chini ya 3.9 mmol/L, glukosi kwanza, sindano ya kutuliza baadaye. Watakaokuambia "mpeleke Mirembe" wakumbushe kwamba Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, iko Dodoma, na usiku ule anayehitajika ni mganga wa zahanati ya karibu.

Namba 112 ni ya polisi. 115 ni ya usafiri wa wajawazito na vichanga, hivyo usiitegemee hapa. Bodaboda nayo haifai, ataruka njiani.

Polisi waite kukiwa na silaha au hatari, na waambie mapema kwamba ni mgonjwa. Familia nyingi huwaogopa, maana kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Aliyekunywa dawa ya kupulizia mikorosho anafichwa chumbani hadi anaishiwa nguvu. Hili linaniuma sana. Asitapishwe; aje hospitali haraka, na chupa ya dawa ije naye.

Akiwa na fujo, azungumze mtu mmoja tu, anayemjua, kwa sauti ya chini. Wengine warudi nyuma, tochi zisimmulike usoni. Ikilazimu kumshika, watosha watu watano: mmoja kila mkono, mmoja kila mguu, mmoja kichwani. Alale ubavu. Kifudifudi na goti mgongoni kifua hakipanuki, anakosa hewa. Akinyamaza watu hudhani ametulia, kumbe anakata roho. Kamba ya katani inakata mishipa ya mikono, tumieni khanga iliyokunjwa, na kila dakika 15 mtazame vidole kama vimevimba au kupoa.

Ndugu mmoja afuatane naye, abebe vidonge anavyotumia.

Tafuta sasa mwenye bajaji au gari atakayekubali kuamshwa usiku, mkubaliane nauli kabisa. Ukimpata niandikie.

Wako,
Hadija