Mbanguaji wa korosho naye ahesabiwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie watu ambao hawatajwi msimu wa korosho unapofunguliwa, nao ni wabanguaji, yaani wanaotoa korosho kwenye maganda. Kila Oktoba tunasoma bei za minada, malipo yaliyochelewa na wanunuzi wa kutoka India na Vietnam, na si vibaya, maana mkulima amedhulumiwa vya kutosha. Lakini anayeuza korosho ghafi nje anauza pia kazi ya kuzibangua, na kazi hiyo huku Kusini mwa Tanzania ilikuwa na wenyewe.

Serikali ilikopa fedha, zikiwemo za Benki ya Dunia, ikajenga viwanda vikubwa Mtwara, Newala, Masasi, Lindi na kwingineko. Vilikuja wakati mbaya. Uzalishaji ulishuka kutoka tani zipatazo 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87, kwa kuwa watu walihamishiwa vijiji vilivyo mbali na mikorosho yao, bei ilikuwa duni na ugonjwa wa ubwiriunga ukaishambulia miti. Viwanda vikafungwa, na baada ya ubinafsishaji baadhi vikageuzwa maghala ya korosho ghafi zinazosubiri meli. Zao lenyewe lilifufuka hadi kuvuka tani 300,000 msimu wa 2017/18, ila ajira ya kubangua haikufufuka nalo.

Tunaambiwa kwamba mikono yetu haiwezi kushindana na mashine za Vietnam. Upo ukweli hapo, lakini mashine hununuliwa, na naona zinasingiziwa mno. Korosho zetu huingia sokoni kati ya Oktoba na Desemba, wakati mavuno ya Afrika Magharibi na ya India kwenyewe yamekwisha kitambo, ndiyo maana wageni huzigombea. Kiwanda cha hapa hulazimika kununua katika miezi hiyo michache mali ghafi ya mwaka mzima, kwa mkopo wa riba kubwa, huku kikishindana na mfanyabiashara aliyekopa nje kwa riba nafuu. Kikishindwa mnadani, hata kikiwa na mashine mpya, kitafunga milango kabla mwaka haujafika katikati na wabanguaji watarudi nyumbani.

Wengi wao ni wanawake. Mbanguaji wa mkono hupaka mafuta au majivu viganjani kabla ya kuanza, kwa sababu utomvu wa ganda huunguza ngozi na kuacha weusi usiotoka kwa sabuni. Hulipwa kwa kilo, na korosho ikipasuka thamani yake hushuka, hivyo anatakiwa awe na haraka na uangalifu kwa pamoja. Ili ipatikane kilo moja ya korosho nyeupe, yaani zilizobanguliwa, zinahitajika kilo nne hadi tano za korosho ghafi. Kinachobaki ni maganda, ambayo nayo hukamuliwa mafuta ya viwandani. Yaani tunasafirisha hadi maganda kuvuka Bahari ya Hindi!

Siungi mkono kupiga marufuku uuzaji wa korosho ghafi, kwani ushindani ukiondoka mkulima ndiye atakayeumia kwanza. Ninachotaka ni ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje uwafikie na wafanyakazi. Mwaka 2018 Bunge lilipobadili sheria ili fedha zote za ushuru huo ziende Mfuko Mkuu wa Hazina, wabunge wa Kusini walipinga vikali, na hoja yao kubwa ilikuwa pembejeo za mkulima. Ilikuwa hoja sahihi, ila mbanguaji hakuwa na msemaji.

Naiomba Wizara ya Kilimo, kabla ya mwongozo wa msimu ujao kutolewa, itenge sehemu ya ushuru huo iwe dhamana ya mikopo ya viwanda vya ndani, na kiwanda kisipewe dhamana hiyo mpaka kionyeshe mikataba ya ajira, glovu za wafanyakazi na michango yao iliyopelekwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii.

Msomaji wako,
Masasi, Mtwara