Kwa nini shada lako la felti linadondosha maua

Habari zenu wapendwa wateja, wiki hii nimeletewa tena shada la mlangoni, yani lile duara la waya lililopambwa maua ya felti, kile kitambaa kisichofumwa, na maua yake pembeni kwenye boksi, yamebanduka karibu yote, na dada aliyelitengeneza alikaa jioni tatu anakata na kukunja, yani roho iliniuma. Akaniambia labda mkono wake mbaya. Hapana dada yangu, mkono wako mzuri sana, waridi zako zimekaa vizuri kuliko hata zangu za mwanzo, shida ni gundi.

Ile gundi ya vijiti tunayoweka kwenye bunduki ya umeme ni plastiki tu inayeyushwa, inapoa, inashika. Sasa kitu kilicholainika kwa joto, joto likirudi kinalainika tena, na hapa Dar geti la chuma likipigwa na jua la saa nane mchana hata kiganja huwezi kuweka, we unategemea ua libaki pale? Na wengi mnabandika ua kwenye waya mtupu, waya unateleza, gundi haina pa kushika.

Sisi tunafanya hivi. Chukua waya wa kufungia nondo, duka lolote la vifaa vya ujenzi wanao na wanauza kwa kilo, zungusha mara tatu upate duara la sentimita 25 hivi, hanga ya waya ukiikunjua nayo inafaa. Halafu kata utepe wa felti upana wa vidole viwili uviringe waya wote mpaka usionekane, mwisho shona. Hapo ua linapata kitambaa mwenzake cha kushonewa na hii ndo hatua watu wanairuka kila siku.

Waridi sasa, hapa ndo pana raha. Weka kisahani cha kikombe cha chai juu ya felti, chora, kata duara. Anza pembeni ukate kwa kuzunguka kama konokono kwenda katikati, upana wa kidole kimoja, na mkasi uende kwa mawimbi usinyooke, ile ya mawimbi ndo inakuja kuwa petali. Katikati bakiza kiduara kama kifungo cha koti. Anza kuviringa kutoka ile ncha ya nje, mwanzo kaza, ukikaribia mwisho legeza ua lifunguke, kile kiduara kinakuja kukaa chini kama kitako. Pitisha sindano kwenye kitako ishike mikunjo yote, mara nne tano, uzi wa kushonea jinzi ni mzuri zaidi. Kipande cha felti cha sentimita 30 kwa 30 kinakupa waridi nne, na duara la sentimita 25 likijazwa lote linakula waridi kama 15, ila mi napenda kujaza upande mmoja tu waridi 5 au 6 na majani, linapumua.

Shona kila ua kwenye ule utepe kwanza, gundi iwe ya kusaidia tu pale jani linapocheza.

Kuhusu felti yenyewe, haijafumwa kama kanga, nyuzi zake zimeshindiliwa pamoja ndo maana ukikata haichomoki nyuzi wala haitaki pindo. Chukua ya milimita 1, ile nene ya milimita 3 ni ngumu haiviringiki, iache kwa kazi zisizo za kuviringa. Na iinue kwenye mwanga kabla hujalipa, ukiona taa inapenya vizuri achana nayo, sindano itaichana.

Kuna mama mmoja aliniuliza, mwanangu nikitundika shada mlangoni watu si watafikiri kuna msiba? Swali la maana kabisa, kwetu neno shada wengi wanalijua la makaburini. Nilimshauri akae mbali na nyeupe na zambarau tupu, asiweke utepe mrefu wa kuning'inia, achanganye machungwa, njano na kijani kibichi na upande mmoja uwe wazi. Alilitundika na majirani wamekuja kuuliza linauzwa wapi.

Tundika penye kivuli, barazani au mlango wa ndani, jua linapausha rangi pia. Vumbi likiingia tumia brashi laini kavu, usiloweke majini maana waya utashika kutu na kutu ikiingia kwenye felti haitoki.

Kama huna muda wa kukata, dukani tuna pakiti zenye maduara yaliyokatwa tayari, waya uliozungushwa na uzi wake, we unakaa unaviringa tu na wanao. Na kama la kwako limeshabanduka lilete tukushonee upya, tafadhali njoo na maua yote yaliyodondoka hata yale yaliyokanyagwa, mengi yanafufuka kwa mvuke wa birika.