Barua ya wazi kwa vijana wachoraji wa Mwanga na Ujiji, Kigoma

Wanangu na wajukuu zangu,

Salaam nyingi. Natumaini mvua hizi zimewakuta wazima, na karatasi zenu hazijaingia unyevu.

Jumamosi iliyopita nilipita pale mnapotandaza michoro yenu, njia ya kushukia stesheni. Mlinisalimia vizuri, mkaniletea kigoda, nami nikakaa nikaangalia kazi moja moja. Mikono mnayo. Nimefundisha watoto kushika penseli kwa miaka mingi, na mkono mzuri nikiuona naujua. Lakini nilihesabu twiga 14. Nilihesabu Mlima Kilimanjaro mara 5. Wamasai waliosimama kwa mguu mmoja mbele ya jua jekundu niliacha kuwahesabu. Nikawauliza, nani kati yenu amewahi kufika Moshi? Mmoja akanyoosha mkono, akasema alipita usiku akiwa kwenye basi, amelala.

Siku ile sikusema kitu. Wateja walikuwepo, na mtu mzima hamwaibishi kijana mbele ya riziki yake. Ndiyo sababu nimekaa leo kuandika.

Nyuma ya ukuta mlioegemeza michoro ile, kuna mama alikuwa anageuza dagaa juu ya turubai. Hakuna aliyemwangalia. Mimi nilimwangalia karibu saa nzima. Dagaa mbichi si mweupe, na kijivu pia si rangi yake. Ubavuni ana mstari wa fedha unaochukua rangi ya kila kilicho karibu naye. Yule mama alivaa kitenge cha njano, na kila alipoinama dagaa waliokuwa miguuni pake walipata njano kidogo, akiinuka wanarudi kuwa na rangi ya mbingu. Ilipofika saa nne jua likakaza, fedha ikaanza kuzimika, migongo ikageuka rangi ya majani ya chai, jicho likabaki nukta nyeusi. Hayo yote yalitokea hatua nne kutoka kwa twiga wenu.

Katika vidonge vyetu vya rangi za maji hakuna rangi ya fedha. Fedha ya dagaa inapatikana kwa kuacha. Unaiacha karatasi tupu pale mwanga unapopiga, unaizungushia kivuli chepesi cha bluu na kahawia, na weupe wa karatasi unafanya kazi iliyobaki. Ukishapaka pale, basi, huwezi kurudi nyuma. Anayechora kwa rangi za mafuta anaweza kuongeza weupe mwishoni. Sisi weupe wetu tunautunza tangu mwanzo, kwa hiyo inabidi tukijue kitu vizuri kabla hatujalowesha brashi. Na utakijuaje vizuri kitu ambacho umekiona kwenye kalenda tu?

Nawaambia habari ya taa ya baba yangu.

Mimi nimezaliwa Ujiji, mtoto wa mvuvi. Enzi hizo walivua dagaa kwa karabai, usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo. Ukisimama Bangwe unaona taa zimetapakaa ziwani mpaka huwezi kusema maji yanaishia wapi na nyota zinaanzia wapi. Moja ya zile taa ilikuwa ya kwetu, na mama alidai anaijua ni ipi. Baba akirudi alfajiri aliifunga karabai kwenye gunia kama mtoto mchanga, akaiweka uvunguni, sisi tukakatazwa kuigusa.

Alipofariki, kaka zangu walikuwa wameshahamia taa za sola. Walitaka kuiuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Nikaiomba. Ipo mezani kwangu ninapoandika. Tangi lake ni la shaba, upande mmoja limebonyea, kwa sababu baba aliiangusha kwenye ukingo wa mtumbwi usiku aliozaliwa mdogo wangu. Alikuwa anakimbilia nyumbani. Kioo kina ufa uliofungwa kwa waya. Shingoni masizi yameingia kwenye hesi za skrubu, hayatoki hata kwa mchanga. Mpini umevikwa kipande cha mpira wa baiskeli, na mpira umechakaa pale tu dole gumba lake lilipokuwa linakaa.

Nimeichora taa hii zaidi ya mara 30. Ya kwanza, ya pili, mpaka karibu ya kumi, zote zilikuwa mbaya, na sababu yake niliielewa baadaye sana. Nilikuwa nachora huzuni yangu. Nilikaa mbele ya taa, macho yakajaa machozi, mkono ukachora taa yoyote tu, ile ambayo kila mtu akiulizwa karabai anaijua. Pale palipobonyea nilikuwa napanyoosha bila kujua! Siku moja nimechoka kulia, nikaangalia tu. Nikaona kwamba pale palipobonyea panashika mwanga wa dirisha na kuugeuza chini juu, kwamba ndani ya ule mwanga kuna kivuli kidogo cha mwembe wa jirani. Mwembe mzima, mkubwa kuliko nyumba, umelala kwenye shaba kwa upana wa ukucha. Siku hiyo ndiyo niliichora taa ya baba.

Kwa hiyo nikisema chukueni vitu mnavyovipenda, msinielewe vibaya. Mapenzi hayajui kuchora. Kazi yake ni kulikalisha jicho mahali lisichoke haraka. Ukikaa mbele ya twiga wa kalenda, jicho linachoka kwa dakika mbili, mkono unamalizia kwa mazoea. Ukikaa mbele ya kinu cha bibi yako, utakaa.

Huko Italia, katika mji wa Bologna, aliishi mchoraji anaitwa Giorgio Morandi, aliyefariki mwaka 1964. Kwa miaka mingi alichora chupa, mitungi na vikopo vilevile, chumbani kwake alimolala. Alivisogeza kidogo, akachora tena. Aliposhika rangi za maji alipunguza kila kitu hadi chupa ikabaki vivuli viwili vitatu na karatasi tupu katikati. Dunia nzima inazijua chupa zile sasa. Hakuzichora kwa sababu ni chupa za maana. Zilikuwa pale kila siku, naye alikuwa pale kila siku.

Na mahali ni hivyohivyo. Ninyi mnakaa kando ya Ziwa Tanganyika, lenye kina cha hadi mita 1,470, la pili kwa kina duniani, na bado katika michoro yenu maji ni bluu moja kutoka ukingo mpaka ukingo. Ziwa letu halina bluu moja. Asubuhi upande wetu bado una kivuli cha vilima, maji ni meusi yenye kijani kidogo. Mchana huwezi kuliangalia. Kiangazi, moshi na vumbi vikitanda, milima ya Kongo haionekani kabisa, na ziwa linakuwa halina ng'ambo. Halafu inanyesha mvua moja kubwa, kesho yake milima imesimama pale kama imesogea usiku, unaona hadi mikunjo yake. Anayeishi hapa anajua hilo. Mgeni wa siku mbili hawezi kulijua, na hilo ndilo mnaloweza kumpa.

Kuhusu bluu yenyewe, niseme kidogo, maana wengi mliniuliza. Ile bluu nzito inayoitwa ultramarini zamani ilisagwa kutoka kwenye jiwe la thamani la Afghanistan, mpaka wakemia wa Ulaya walipoweza kuitengeneza kiwandani katika miaka ya 1820, ndipo wachoraji wa kawaida nao wakaipata. Chembe zake hutua kwenye vishimo vya karatasi kama mchanga unavyotua maji yakitulia. Ichanganyeni na kahawia ya udongo uliochomwa, mtapata kila kijivu mnachokihitaji: wingu la mvua, masizi ya karabai, mbavu za mtumbwi ulioloa. Na udongo mwekundu tunao wenyewe. Mimi nauchukua barabara ya Mwandiga, nauosha, nauacha utuame, nachukua ule laini wa juu, naukausha, nausaga na maji ya gundi ya mgunga na tone la asali ili usipasuke. Rangi yake inatoka kwenye kutu ya chuma iliyomo ardhini, na jua haliipunguzi. Vumbi lililo kwenye viatu vyenu sasa hivi ni rangi.

Nasisitiza hilo la jua kwa sababu limeniumiza. Mama yangu aliacha kanga moja, nyekundu, iliyochakaa mpaka maandishi yake yamebaki maneno mawili tu, "NI KAMA", na sisi sote tuliobaki hatukumbuki msemo wenyewe ulikuwa upi. Niliichora nikiwa bado kazini, kwa rangi nyekundu ya bei rahisi niliyonunua bila kuuliza, nikaining'iniza ukutani mkabala na dirisha. Baada ya miaka michache wekundu wote ulikuwa umekwenda. Ilibaki kanga ya kijivu. Kanga yenyewe nayo panya waliimaliza. Kwa hiyo jaribuni kila rangi mpya: pakeni kipande, funikeni nusu kwa kadibodi, kiacheni dirishani miezi 3, kisha mlinganishe. Msimpe mtu kitu kitakachomkimbia.

Narudi kwenye mahali. Kibirizi, pale mwaloni, palikuwa na banda la nyavu la mzee mmoja jirani yetu. Nilikuwa nalichora kila nikienda kununua migebuka, kwa sababu tu palikuwa na kivuli cha kukaa. Maji ya ziwa yalipopanda, miaka ile ya 2020 na 2021, ufukwe uliliwa, na banda likaondoka. Mwaka uliofuata yule mzee akaja kwangu na mwanawe. Alitaka kuona mchoro. Nilidhani anataka kumbukumbu. Akauweka mapajani, akapima kwa dole gumba kutoka nguzo mpaka nguzo, akamwonyesha kijana boriti ilipita wapi na mlango ulitazama wapi, maana walikuwa wanajenga lingine juu zaidi na walikuwa wamebishana. Niliona aibu kwa sababu nguzo ya tatu nilikuwa nimeifupisha ili mchoro upendeze. Akaiona hapohapo. "Mwalimu," akasema, "hii hukuiangalia."

Najua mtakachonijibu. Twiga ndiye anayenunuliwa. Wageni wanaokwenda Gombe wanapita, wanataka mnyama, na kodi ya chumba hailipwi kwa kinu cha bibi. Silibezi hilo hata kidogo. Mimi nilikuwa na mshahara, ninyi hamna. Kuna hoteli moja ilichukua michoro yangu 6 ya ziwa, ikaikalisha stoo msimu mzima wa mvua, ikanirudishia ikiwa na madoa ya ukungu na ujumbe kwamba wageni wanapenda wanyama. Nililia siku hiyo. Basi choreni twiga wa kodi. Ila siku moja katika wiki iwe ya kitu mnachokijua, na msikiuze haraka.

Wengine mtanitajia Tingatinga. Edward Said Tingatinga nami namheshimu sana. Alitoka Tunduru, akafika Dar es Salaam, hakusubiri turubai wala rangi za Ulaya. Alichukua vibao vya kujengea na rangi za kung'aa, zile za kupakia baiskeli, akachora wanyama kwa namna ambayo hakuna aliyekuwa ameiona. Alifariki mwaka 1972 na njia yake bado inalisha watu. Anayetaka kumfuata afuate lile la kutumia kilicho mkononi.

Sasa nawaomba. Jumamosi ijayo, baada ya Alasiri, njooni kwangu Ujiji, barazani. Sote tutaenea. Kila mmoja aje na kitu kimoja kutoka nyumbani kwao, kilichotumika mpaka kikachakaa, ambacho mtu wa nyumbani atauliza kikikosekana. Kama ni cha mama, ombeni ruhusa. Simu zibaki mfukoni, hatuchori kutoka kwenye picha. Nina shuka 8 za karatasi nzito ya gramu 300 niliyoletewa kutoka Dar, nitazikata kila moja vipande vinne. Mimi nitatoa taa.

Na wewe kijana wa kofia ya kijani, mwenye ule mchoro wa twiga anakunywa maji. Chini kushoto, karibu na sahihi yako, umechora ndoo ya bati. Mpini wake umepinda, umefungwa kwa kamba ya katani, na kitako kimetoboka kikazibwa kwa lami. Hakuna kalenda yenye ndoo ile. Sikupata nafasi ya kukuuliza ni ya nani. Ije nayo Jumamosi, na kama bado inateka maji nyumbani, nitakuazima ya kwangu mpaka jioni.

Bibi yenu, mwalimu mstaafu,
Ujiji, Kigoma