Barua ya wazi kwa vijana wa makala za televisheni: anzeni na masikio

Wanangu,

Nawaona mkihangaikia kamera na lenzi, huku hedifoni ikiwa ya mwisho kununuliwa, na mara nyingi hainunuliwi kabisa. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Mtazamaji huvumilia picha yenye giza au iliyotikisika kidogo. Sauti ikikwaruza, anahamia stesheni nyingine. Picha mbovu mhariri huweza kuifunika kwa picha nyingine, lakini neno lililomezwa na upepo halina kifuniko.

Mkifika kwa mhojiwa, msikimbilie kufungua begi. Simameni katikati ya chumba, mnyamaze dakika nzima. Mtasikia feni, saa ya ukutani, pampu ya jirani. Masikio ya binadamu huzichuja sauti hizo bila sisi kujua. Kipaza sauti hakichuji kitu. Adui mkubwa ni friji, kwa kuwa mtambo wake huwaka na kuzima wenyewe. Nusu ya mahojiano itakuwa na mvumo, nusu haina, na mhariri akiunganisha majibu mawili ya sehemu tofauti, kila mkato utasikika. Ombeni ruhusa muizime, kisha tieni funguo za gari ndani ya friji hiyo. Hamtaondoka bila kuiwasha tena, na chakula cha watu hakitaharibika kwa ajili yenu.

Kipaza sauti cha kubana kwenye nguo kikae kama shibiri moja chini ya kidevu. Kiangalieni kisigusane na mkufu wala kitambaa chenye kuchakacha, na waya upigwe kitanzi na kubandikwa kwa utepe ili ukivutwa usilie. Rekodini kwa kilohezi 48, yaani sampuli za sauti 48,000 kwa sekunde. Mwacheni mhojiwa azungumze kwa sauti yake ya kawaida, mkipanga kiwango ili vilele vifike kama desibeli 12 chini ya sifuri, ambayo ndiyo kikomo cha juu cha kipimo. Sauti ya kidijitali ikigonga sifuri hukatika, na sehemu iliyokatika hairudishwi sawasawa na fundi yeyote. Mahojiano yakiisha, waambieni wote watulie, mrekodi dakika moja ya chumba kitupu. Hiyo ndiyo itakayojaza mapengo kati ya maneno wakati wa kuhariri. Wengi huiruka kwa sababu wamechoka na gari linasubiri, kisha mhariri hukesha akitafuta sekunde mbili za ukimya unaofanana.

Sasa maswali. Ukiuliza, "Ulianza lini kuvua?" utajibiwa "Zamani," na neno hilo peke yake halina kazi kwenye makala, maana sauti yako haitasikika. Sema, "Nieleze siku ya kwanza ulipoingia baharini." Kaa karibu kabisa na lenzi, macho yako yawe usawa wa lenzi na lenzi iwe usawa wa macho yake. Akijibu, usiitikie "naam, naam" juu ya maneno yake. Itikia kwa kichwa. Akinyamaza, hesabu moyoni mpaka tano kabla ya kuuliza tena. Jibu la kwanza mara nyingi ni lile alilozoea kuwapa watu. Linalofuata ukimya ndilo lake mwenyewe. Na unaposema "asante," kamera isizimwe bado: muulize kama kuna jambo hukumuuliza.

Kwa upande wa picha nitasema machache, kwa kuwa huko mnajifunza wenyewe. Shikilieni kila picha sekunde 10 bila kuhama. Pigeni mikono inayofanya kazi, pamoja na nyuso. Mnaporekodi fremu 25 kwa sekunde mahali penye umeme wa hezi 50, wekeni shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, 1/50 ya sekunde. Ikipishana na umeme, taa nyingine hupepesa kwenye picha, na kwenye kioo kidogo cha kamera mnaweza msione.

Jina la Mohamed Amin, mpiga picha wa habari mzaliwa wa Nairobi, mnalijua. Picha alizopiga Korem akiwa na mwandishi Michael Buerk, zilizorushwa na BBC Oktoba 1984, ziliiamsha dunia kuhusu njaa ya Ethiopia. Jina ambalo wengi wenu hamlijui ni la John Mathai, mrekodi sauti aliyekuwa naye Addis Ababa mwaka 1991 ghala la silaha lilipolipuka. Amin alipoteza mkono, akarudi kazini na mkono wa bandia. Mathai aliuawa. Namtaja kwa sababu watu wa sauti husahaulika, na kwa sababu kazi yenyewe hutufunga hisia: mpiga picha jicho lake limo kwenye kamera, mrekodi sauti masikio yake yamefunikwa. Penye hatari, awepo mtu wa tatu asiyeshika chombo chochote, kazi yake kutazama pembeni na nyuma, na akisema "tunaondoka," hakuna wa kuomba picha moja zaidi.

Usiku huohuo, kabla ya kulala, nakilini kadi za kumbukumbu mlizorekodia. Nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikilala mahali pengine. Kosa linalorudiwa ni hili: waya unalegea katikati ya kunakili, majina ya faili yote yanaonekana kwenye diski, lakini faili moja imekatika katikati. Linganisheni ukubwa wa kila faili, au bora mtumie programu ya kuhakiki nakala, kisha fungueni klipu ya kwanza, ya kati na ya mwisho. Kadi isifutwe kabla ya hapo hata kama ndiyo pekee mliyo nayo. Ni heri kuahirisha kazi ya asubuhi.

Ridhaa ichukuliwe kabla ya kurekodi, kwa lugha anayoielewa mhusika, mkimweleza makala itaonyeshwa wapi na kwamba mtandaoni haiondoki kirahisi. Mtoto aulizwe mwenyewe, pamoja na mzazi wake. Mkimwahidi mtu kumficha, msitegemee kuutia ukungu uso wake baadaye. Sauti, mwendo, saa ya mkononi na mandhari ya dirishani humtambulisha kwa majirani, na picha halisi inabaki kwenye diski yenu, ambayo inaweza kuchukuliwa. Mpigeni tangu mwanzo bila uso, mahali pasipo pake, na jina lake lisiandikwe kwenye faili wala kwenye daftari la safari.

Anayetuhumiwa apelekewe tuhuma zote kwa maandishi, moja baada ya nyingine, na muda wa kutosha wa kujibu. Akijibu, jibu lake liingie kwenye makala hata kama linaharibu mtiririko wenu. Mara nyingine linaonyesha kwamba mlikosea, na ni bora mlijue kabla ya kurusha.

Kuhusu riziki: mkataba uandike nani mwenye picha zisizotumika, na malipo yagawanywe, sehemu kabla ya safari, sehemu mkikabidhi toleo la kwanza, iliyobaki mkikabidhi la mwisho. Anayekubali kulipwa yote baada ya kurushwa hugharamia makala ya mtu mwingine, kwani tarehe ya kurusha hubadilishwa bila yeye kuulizwa.

Kabla ya kurushwa, mpigieni simu kila aliyemo mumtajie siku na saa, na mumweleze kwa ukweli sehemu ipi ya maneno yake imebaki. Siku inayofuata mpigieni tena. Muulizeni majirani wamesema nini, kazini wamesema nini, kama yuko salama. Namba hizo zihifadhiwe pamoja na diski za makala.

Mimi mzee wenu.