Sampuli yako imeganda: kwa nini tunakupigia simu urudi utoe damu tena

Jamani leo nataka niliongelee hili maana wiki hii tu hapa maabara nimeshapiga simu ya aina hii mara tatu, na kila nikipiga najua kabisa upande wa pili mtu atakasirika. "Mama samahani, sampuli ya mtoto imeganda, tunaomba umlete tena." Kimya. Alafu maswali yanamiminika, mmeimwaga? mmeipoteza? mnataka nilipe mara mbili? mtoto juzi mmemtoboa kalia mpaka kapitiwa na usingizi mgongoni, leo mnamtaka tena? Na mimi namwelewa kabisa, mtu katoka Kongowe, daladala imejaa, mtoto ana homa. Ndio maana nimeona niandike kinachotokea ndani ya kile kichupa, ili siku ukipigiwa wewe ujue tunazungumzia nini.

Kwanza ujue kwamba kuganda ndio kazi ya damu. Ukijikata kidole ukikata vitunguu, mshipa pale pale unajibana, alafu vile vipande vidogo vidogo tunaviita chembe sahani (wengi mnasema pleteleti) vinakimbilia kwenye kidonda na kujibandika. Hapo damu imepungua kutoka ila plasta yenyewe bado ni laini. Sasa kwenye majimaji ya damu kuna protini zinazosubiri zimelala, namba zao zipo kati ya 1 na 13, na ukihesabu hutaikuta ya 6 maana iliyopewa namba hiyo ilikuja kuonekana ni ile ile ya 5 ikiwa imeshaamshwa. Moja inaamsha nyingine, nyingine inaamsha inayofuata, mpaka mwisho inatokea thrombini, na thrombini ndio inaigeuza faibrinojeni kuwa nyuzi nyuzi za faibrini. Zile nyuzi zinasukana kama nyavu na zinanasa chembe nyekundu kama dagaa, ndio unapata lile bonge jeusi jeusi juu ya kidonda.

Damu haijui kama imetoka kwa kisu au kwa sindano yetu. Ikishatoka kwenye mshipa na kugusa kitu kigeni inaanza kazi yake ile ile. Ukiiweka kwenye kichupa kitupu ukaiacha mezani nusu saa utakuta imekuwa kama jeli.

Kwa baadhi ya vipimo hiyo ndio tunayoitaka, kile kichupa cha kifuniko chekundu tunaiacha igande makusudi, tunaizungusha kwenye mashine tunachukua yale maji ya juu. Lakini kwa FBP, yaani kuhesabu chembe za damu zote, damu lazima ibaki maji. Ndio kazi ya kichupa cha zambarau. Ukikiangalia vizuri kabla ya damu kuingia utaona kama ukungu mweupe ndani au tone dogo, ile ni dawa inaitwa EDTA, inaikamata kalsiamu yote iliyomo kwenye damu, na bila kalsiamu ule mnyororo wa kuamshana unakatika njiani. Ila dawa inafanya kazi pale tu ilipochanganyika na damu. Ikiwa damu imetoka kwa taabu, tone, tone, tone, mtoto anarusha mkono, mshipa mwembamba, basi kuganda kunaanza ndani ya bomba la sindano kabla hata haijafika kwenye kichupa, na kilichoshaganda dawa haikirudishi nyuma.

Kwani kibonge kidogo kina shida gani, si mpime tu hivyo hivyo? Hili swali naulizwa sana na jibu lake ndio sababu yenyewe ya makala hii.

Mashine nyingi za FBP zinapitisha chembe moja moja kwenye tundu dogo sana lenye umeme, kila chembe ikipita umeme unayumba kidogo na mashine inahesabu moja, ni kanuni aliyoipatia hataza Mmarekani Wallace Coulter mwaka 1953 na mpaka leo ndio tunaitumia. Sasa bonge la damu limejaa nini? Limejaa chembe sahani zilizojishika humo. Mashine inahesabu zilizobaki nje ya bonge tu. Mtu mwenye chembe sahani 220 (tunahesabu kwa maelfu), ambayo ni kawaida kabisa maana kawaida ni kama 150 mpaka 400 na kitu, anasomeka 40. Chembe nyekundu na nyeupe nazo zinaweza kupungua kwa namna hiyo hiyo. Na vibonge vingine ni vidogo huvioni kwa macho, ndio maana majibu yakija na chembe sahani chini sana sisi hatuyatoi hapo hapo, tunakichunguza kichupa kwa kijiti, tunapaka damu kwenye kioo tunaiangalia kwa darubini.

Wakazi wa Dar mnaikumbuka homa ya dengi ya 2014 na ile ya 2019, watu walikuwa wanakuja kupima chembe sahani kwa hofu maana dengi kweli inazishusha. Fikiria mtu ana homa ya kawaida tu, sampuli imeganda, mtu wa maabara akamwandikia 40. Hiyo familia hailali usiku huo, wengine wanakimbilia rufaa, wengine wanatafuta watu wa kuchangia damu. Kwa namba ambayo sio ya kweli. Mimi nipo radhi unikasirikie kwenye simu kuliko nikupe karatasi ya namna hiyo.

Kuna kitu kingine kidogo nikiseme hapa hapa: kuna watu wachache ambao chembe sahani zao zinashikana zenyewe zikikutana na EDTA, hawaumwi chochote, ni tabia ya damu yao kwenye kile kichupa tu. Hao tunawarudia kwa kichupa cha bluu na mara nyingi namba inakaa sawa. Kama uliwahi kuambiwa hivyo basi kila ukienda kupima sehemu nyingine waambie mapema.

Lalamiko la pili ninalolisikia ni "mnanimaliza damu." Kichupa cha zambarau cha mtu mzima ni mililita 4 hivi, haijai kijiko cha chai, na wewe mwilini una kama lita 5. Mtoto tunachukua pungufu ya hapo. Na damu haikai tu kama maji ya tenki, kuna kiwanda ndani ya mifupa, uloto, kwa mtu mzima upo zaidi kwenye nyonga, uti wa mgongo, mbavu na mfupa wa kifua. Ule unatengeneza chembe nyekundu kama milioni 2 kila sekunde, usiku na mchana. Nilikaa nikapiga hesabu, chembe nyekundu zilizomo kwenye mililita 4 uloto unatengeneza idadi hiyo kwa kama masaa 3. Ndio uloto huo huo unaosikia Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma wanaupandikiza kwa watoto wenye selimundu, maana wa mwanzo unatoa chembe zenye umbo la mundu na hakuna namna ya kuzinyoosha zikishatoka.

Kiwanda kina kasi yake lakini, huwezi kukisukuma. Mtu anaanza vidonge vya madini chuma Jumatatu, Alhamisi yupo dirishani anataka HB (kipimo cha wingi wa damu) tena na ikisoma vile vile anasema dawa feki au mashine mbovu. Hapana. Chembe changa zinaanza kuongezeka kama baada ya wiki, HB yenyewe ndani ya wiki 3 au 4 inapanda kama 1 mpaka 2, na madaktari wanakwambia uendelee miezi kadhaa hata kama imeshafika kawaida kwa sababu ghala la chuma bado tupu. Usimeze na chai, chai inazuia chuma kuingia. Na wale mnaokunywa juisi nyekundu ili kuongeza damu, rangi yake haigeuki kuwa damu, kunywa kama unapenda, ila kama HB ipo chini muulize daktari kwa nini ipo chini, inaweza kuwa hedhi nyingi, safura, malaria, au hata figo, maana figo ndio zinatoa homoni ya kuuamuru uloto ufanye kazi.

Sasa nyie mnaotumia warfarini, ile dawa ya kuzuia damu isigande ovyo, hasa mliowekewa valvu ya chuma kwenye moyo, hapa naomba mnisikilize vizuri kuliko wote. Kipimo chenu cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, kinatumia kichupa cha bluu, dawa yake ni ya maji na lazima damu iwe sehemu 9 kwa sehemu 1 ya dawa, ndio maana kina mstari na lazima ifike kwenye mstari. Ikipungua, dawa inazidi, damu inaonekana inachelewa kuganda kuliko ukweli, daktari anaona INR kubwa anakupunguzia vidonge, na kumbe ulikuwa sawa, matokeo yake bonge linaweza kujitengeneza kwenye valvu. Kwahiyo tukikwambia haijatosha tunarudia, tunarudia kweli. Na mboga za majani, mchicha, matembele, kisamvu, msiziache ghafla wala msianze kuzila ghafla kila siku, zina vitamini K ambayo ini linaitumia kutengeneza zile protini za kugandisha, na warfarini inapambana na hiyo hiyo. Kuleni kiasi kile kile mlichozoea.

Kurudia sampuli iliyoganda hapa kwetu hulipi, hata mara moja hatujawahi kumlipisha mtu. Kwa FBP peke yake huna haja ya kufunga, kunywa maji vizuri kabla hujaja mshipa unaonekana, na mtoto mfunike mkono upate joto. Kama ni mdogo aje na mtu wa kumpakata ili mkono utulie, maana damu ikitoka kwa mkupuo mmoja mara nyingi haigandi. Na ukimuona mtaalamu wetu akishatoa damu anakigeuza kichupa juu chini polepole mara 8 mpaka 10, kimya, hakuangalii usoni, usimsemeshe hapo, muache amalize ndio umuulize majibu saa ngapi.