Kipande kibovu cha Land Rover msikiuze kwa kilo

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na wenye Land Rover za zamani wa Mtwara na Lindi, zile 88 na 109 (inchi kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma) ambazo bado mtu huzikuta Newala, Nachingwea na Kilwa, nyingine zikitembea, nyingine zimelala chini ya mwembe zikingoja spea. Jambo letu ni moja. Mpira uliopasuka, kichwa cha mti wa gia kilichopasuka katikati, kishikio cha dirisha kilicholika: msivitupe, wala msivipe wanunuzi wa chakavu. Kibovu hicho ndicho kitakachozaa kipya.

Watu husema magari haya yanauawa na kutu. Si kweli sana. Tangu Land Rover ya kwanza ilipotoka mwaka 1948 bodi yake ni aloi ya alumini, kwa kuwa chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, na alumini hiyo imevumilia hewa ya chumvi ya Mikindani kuliko mabati ya nyumba zetu. Chesisi ni ya chuma na huoza, lakini chesisi mchomeleaji yeyote anaitia kiraka. Kinacholaza gari ni vitu vidogo. Kipira kinachokinga nyaya zinapotoboa ukuta wa injini kikikatika, waya husuguana na bati hadi shoti ipige. Mpira unaofunika mti wa gia ukichanika, vumbi na joto vyote vinahamia kwa dereva. Vitu vya namna hii vinaweza kusubiwa nyumbani, bila mashine, kama kazi ya kujiburudisha siku za mapumziko: kibovu kinakuwa mfano, unakimwagia silikoni ya maji inayoganda kuwa kalibu, na ndani ya kalibu hiyo unamimina kipya.

Anayeanza aanze na vichwa vya gia, chekundu cha kuingizia gia nzito na cha njano cha kuunganisha difu ya mbele. Osha kibovu kwa sabuni, kikaushe, jaza nyufa kwa nta ya nyuki na upige msasa laini. Hapa usikimbie. Kasoro iliyo kwenye mfano itatoka kwenye kila nakala, hata alama ya kidole. Kisha kigundishe juu ya kipande cha plastiki ngumu, upande wenye tundu la skrubu ukiwa chini, na uzungushie kijisanduku cha vipande vya plastiki hiyo. Kichwa chenye kipenyo cha sentimita 4 kinatosha kwenye sanduku la sentimita 7 kwa 7, kimo 6. Ziba pembe zote kwa plastisini au udongo wa mfinyanzi, maana silikoni hupenya mahali ambapo maji yangesita.

Kujua kiasi cha silikoni usibahatishe. Jaza mchele mkavu kuzunguka mfano hadi ukingoni, umwage kwenye kikombe chenye alama za mililita, usome. Kwa sanduku hilo utapata kama mililita 260. Zidisha kwa 1.15, unapata gramu 300 za silikoni, na kama kopo linataka hadina (dawa ya kugandisha) asilimia 3, weka gramu 9. Pima kwa mizani ndogo kama ya sonara. Kukadiria kwa kijiko ndiko kunakoacha kalibu yenye mabaka yanayonata, na baka likinata leo litanata milele. Koroga taratibu, ukikwangua pembeni na chini ya kopo, halafu mimina uzi mwembamba kutoka juu kwenye pembe moja tu ya sanduku. Silikoni ijiinukie yenyewe na kuufunika mfano, hewa itatoka mbele yake. Acha saa 24.

Sasa lile linalowaangusha wengi huku kwetu. Silikoni za kutengenezea kalibu ziko za aina mbili: zinazoganda kwa kichocheo cha platinamu na zinazoganda kwa kichocheo cha madini ya bati. Ya platinamu ni nzuri, haisinyai, lakini adui yake ni salfa. Mipira mingi ya gari imepikwa kwa salfa. Ukiimwaga juu ya mpira wa zamani, sehemu inayogusa mpira haigandi, inabaki kama uji. Plastisini nyingi nazo zina salfa, na glavu za mpira pia. Halafu kuna salfa ya mikorosho, ile ya kupulizia ubwiri unga, ambayo msimu ukifika huwa kwenye nguo, kwenye stoo na kwenye vumbi la meza. Kwa hiyo kwa kunakili mipira tumia silikoni ya bati. Itasinyaa kidogo, karibu asilimia moja au pungufu, na kwa kipira cha waya hilo halina madhara. Ya platinamu iwekee kazi za plastiki na chuma, na usiifungulie kwenye stoo ya korosho.

Kalibu ikiiva, ipasue upande mmoja kwa wembe, mpasuo wa kuyumbayumba ili iweze kujifunga vizuri, na utoe mfano. Ifunge kwa raba bendi, tundu likiangalia juu. Chukua bolti yenye nyuzi zinazolingana na mti wa gia, ifunge nati yake, ipake vaselini kwenye nyuzi zinazobaki wazi, uining'inize katikati ya tundu kwa kijiti ili nati ibaki ndani ya kichwa. Magari haya nyuzi zake ni za inchi. Nati ya milimita itaingia mizunguko miwili ikakudanganya, kisha itakwama.

Resini ya poliesta ile ile ya mafundi wa boti za fibaglasi inafaa. Gramu 50 zinatosha kichwa kimoja na za kupotea. Hadina ni asilimia 1 kwa joto letu, yaani nusu mililita, pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Akiona haigandi haraka mtu huongeza, na hapo anaharibu: resini inachemka yenyewe, inasinyaa ghafla, inapasuka kuizunguka nati. Rangi iwe ya unga au ya resini, si ya mafuta ya ukutani. Hadina hiyo na kobalti ya kuharakishia visikutane moja kwa moja hata tone, hulipuka. Kimoja kikorogwe kwanza ndani ya resini, ndipo cha pili kifuate.

Kwa mipira yenyewe, nyenzo ni poliurethani laini, ile ya kuchanganya makopo mawili. Ugumu wake hupimwa kwa Shore A. Tairi la gari liko kama 60 hadi 70, na mpira wa pedeli uwe hapo. Unaofunika mti wa gia ushuke hadi 40, la sivyo utakataa kujikunja na utaisukuma gia irudi. Kalibu ya pedeli iwe ya vipande viwili, kwa sababu mpira una midomo inayolikumbatia bamba la pedeli. Mimina nusu ya kwanza ya silikoni, toboa vishimo vinne vya kujifungia, paka vaselini iliyozimuliwa kwa mafuta ya taa, ndipo umimine ya pili. Ukisahau vaselini nusu mbili zitaungana kuwa tofali.

Poliurethani haipatani na unyevu. Hadina yake ikikutana na maji hutoa gesi, na mpira unatoka na matundu kama maandazi. Ndiyo maana kati ya Desemba na Aprili wengi hulaumu kopo bure. Fanya kazi hii Juni hadi Septemba. Anika kalibu juani kwa muda wa saa mbili kwanza. Usikoroge kwa kijiti cha mti wala kwenye kikombe cha karatasi, vyote vina maji ndani hata vikionekana vikavu. Tumia plastiki na kijiko cha chuma. Kopo lililofunguliwa lifunikwe kwa nailoni chini ya mfuniko na litumike mapema. Tia rangi nyeusi, kwani isiyo na rangi hugeuka njano juani. Itoe kwenye kalibu kesho yake, ila usiifunge kwenye gari kabla ya wiki, nguvu yake bado haijakamilika.

Vishikio na mabano ya alumini wapelekeeni wanaosubu sufuria, kazi wanaijua, kinachokosekana ni mfano ulio sahihi. Alumini ikipoa husinyaa karibu asilimia 1.3, hivyo mfano wa milimita 100 uwe 101.3, na penye kupigwa tupa ongeza milimita 2. Mchongaji wa Kimakonde atautoa mfano huo kwa mninga kwa usahihi ambao kipimo cha plastiki hakiutoi. Mpingo msimpe, ni kumchosha bure. Pande za mfano ziegemee digrii mbili au tatu ili ung'oke bila kuvunja mchanga. Mchanga wa pwani uoshwe kwa maji yasiyo na chumvi ukauke, chumvi huvuta unyevu na unyevu hutoboa alumini. Fungu moja la udongo wa kichuguu uliochekechwa kwa mafungu tisa ya mchanga, maji kidogo, ukifumbata ushikane na ukivunja ukatike bila kumomonyoka. Cha kuyeyusha kiwe pistoni kuukuu, si makopo ya soda, ambayo kwa wingi huishia kuwa takataka juu ya chungu. Kipande chenye unyevu kisitumbukizwe kwenye alumini iliyoyeyuka: maji hugeuka mvuke papo hapo na kurusha metali usoni.

Breki, stelingi na vishikizo vya springi havisubiwi nyumbani. Raba ya silinda ya breki ina mchanganyiko wake unaovumilia mafuta ya breki. Yako itavimba au italainika, na pedeli itazama ukiwa mteremko wa Makonde. Penye petroli nako silikoni haikai, hufura.

Kalibu ukimaliza ihifadhi kivulini na nakala ikiwa ndani, isije ikapinda, na iandike kwa kalamu aina ya gari na mwaka. Kwa poliurethani itakupa nakala dazeni kadhaa. Poliesta huila mapema zaidi, na utajua imechoka kingo zikianza kumeguka. Ule mfano wa kwanza uliotiwa nta nao uwekwe mfukoni pamoja nayo, kwani ndio utakaozaa kalibu ya pili.

Wapenzi wa Land Rover za zamani,
Mtwara.