Kichwa kikubwa cha mtoto si kurogwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wazazi wenzangu kuhusu maji ya ubongo, kwa kuwa bado nasikia, kwa uchungu, mtoto mwenye kichwa kikubwa akidaiwa kuwa amerogwa.

Maji hayo si ugonjwa. Kila mmoja wetu anayo. Hutengenezwa hasa na vifundo vya mishipa midogo ya damu vilivyomo katika vyumba vinne vya ubongo, kiasi cha nusu lita kwa siku kwa mtu mzima, ingawa yanayokuwamo kwa wakati mmoja ni takriban mililita 150 tu. Ubongo huelea ndani yake, na ndiyo sababu haujielemei kwenye fuvu. Yakishauzunguka pamoja na uti wa mgongo, hunyonywa na kurudi katika damu.

Njia ikiziba, kwa kasoro ya kuzaliwa nayo au kwa maambukizi ya utotoni, utengenezaji hausimami. Maji hujaa, na kwa kuwa mifupa ya fuvu la mtoto mchanga haijaungana, kichwa hutanuka.

Tiba ipo: mrija wa kupeleka maji tumboni, au kutoboa tundu kwenye sakafu ya chumba cha tatu na kuchoma vile vifundo, njia ambayo Daktari Benjamin Warf aliiendeleza Mbale, Uganda. Nawaomba wahudumu wa kliniki wapime mzingo wa kichwa kila hudhurio, kwa utepe tu, wala wasisubiri macho ya mtoto yaanze kuelekea chini.

Mzazi msomaji,
Morogoro